Milimita Tatu

Daktari Zaituni amenitundika karatasi
kwenye ukope wa chini, ukanda mwembamba
kama risiti ya duka. Tulia, asema, dakika tano.
Nami Syombua, niliyesahihisha prufu miaka kumi na tisa
katika kiwanda cha uchapaji, Barabara ya Likoni,
nangoja karatasi inisome mimi.

Nje, Ngara inanadi mitumba.

Milimita tatu.
Kiangazi cha Januari kimeacha zaidi mtaroni.

Mbona basi hunitiririka? namuuliza.
Feni ya ofisini ikinigeukia tu
mashavu yanalowa, muuza chai ananipa pole ya msiba.
Na siku tuliyomzika mama kule Masii
nilisimama mkavu kama jiwe la kusagia,
shangazi zangu wakiniangalia. Wakiangaliana.

Hayo ni maji ya dharura, anijibu.
Neva imepiga kamsa, tezi zimekurupuka na ndoo,
zinamwaga barabarani. Nyumba inaungua.

Kitunguu nacho! Namenya kilo nzima bila habari,
wapangaji wenzangu Buruburu wananiletea vyao.
Kumbe neva zimechoka kusikia kilichopo,
zinasikia kisichokuwapo:
mchanga ambao hakuna kidole kilichowahi kuupata,
taa ya stima yenye pilipili,
na kichwa kizima kurudi nyuma
mtu akifungua dirisha chumba cha pili.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Yangu yanalo, limekwama relini.
Kufumba na kufumbua, husema watu, wakimaanisha upesi.
Mimi nafumba.
Nasubiri.
Nafumbua, na ni kama kubandua stempu.

Anatia tone. Baridi. Anainama kwenye darubini yake.
Sasa jicho limelowa vizuri. Bado linauma?
Bado.
Ananyamaza kidogo, kisha ananieleza habari ya ubongo
ulioitwa usiku na mchana hadi ukazoea kuitika
hata pasipo mwito.

Hilo halinishangazi.
Nimeona kosa nililolifuta kwa wino mwekundu
likirudi katika toleo la pili, na la tatu.
Ukurasa tumeusahihisha.
Bamba ni lile lile.

Ninapoondoka naomba ule ukanda.
Wa nini? anauliza.
Naukunja, nautia mkobani penye leso.
Milimita tatu, zimepimwa, zina tarehe.
Krismasi nikienda Masii
nitawaonyesha shangazi.