Fimbo ya Mbali

Aliingia mwisho wa Januari, saa nane mchana, jua tayari linaaga,
akakung'uta theluji mlangoni, buti la kushoto, la kulia,
na hakuuliza linakwenda mwendo gani.
Wote huuliza mwendo. Miaka ishirini na mitatu nauza magari ya rimoti,
kwanza katika Kiruna ya zamani, sasa katika hii tuliyohamishiwa
mgodi ulipoanza kula ardhi chini ya vitanda vyetu,
na wanaume wazima, ndevu zimeganda barafu,
huniuliza kwanza mwendo, pili mwendo, tatu bei.
Aili Lantto aliuliza: "Lipi zito?"

Nikamshushia la rafu ya juu kabisa,
moja kwa tano ya gari la kweli,
tairi zimevimba kama zilizoumwa na nyuki,
mota ya umeme kimya kama paka aliyeiba.
Nikamwonyesha difu tatu, mbele, nyuma na katikati,
gia za chuma, si plastiki ya kung'oka meno mruko wa kwanza;
nikamweleza jinsi nguvu inavyogawiwa magurudumu yote manne,
kwamba moja likizama, matatu humvuta ndugu yao.
Alisikiliza kama fundi amsikilizavyo fundi mwenzake
akidanganya kidogo.

"Na betri?"
Nikakohoa. Kwenye baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri
betri hufa mapema. Dakika ishirini.
Kumi, ukiwa na pupa.
Mwingine nisingemwambia. Huyu alikuwa na macho ya kupima.

Ndipo akanieleza kazi yake, huku akizungusha gurudumu kwa kidole.
Hukaa ghorofa ya saba, kitini, kahawa kando,
vijiti viwili mkononi, skrini nne mbele,
na kilomita moja chini ya miguu yake
tingatinga la tani sabini linatembea gizani, bila mtu,
likichota mawe ya chuma anapoinamisha kidole gumba.
Wasemao fimbo ya mbali haiui nyoka
hawajamwona Aili zamu ya usiku.
Miaka tisa anaua nyoka
na hajawahi kumwona nyoka.
"Hata harufu yake siijui," alisema.
"Siku moja lilipinduka. Kwenye skrini
picha ililala ubavu tu, kama mtu anayetaka usingizi.
Nikabonyeza kitufe. Wakaenda wengine kuliinua."

Nikafuta kaunta iliyokuwa safi.

Kisha nikaingia stoo nikalitoa lile nisiloliweka dirishani:
la petroli, silinda moja, mtumba wa Ivar Kuoljok
aliyelirusha juu ya paa la sauna yake, likashuka vibaya.
Bodi ina ufa ulioshonwa kwa waya.
Kilo kumi na sita. Lazima uvute kamba,
uchanganye oili kwa kipimo, na majirani watakuchukia.

Tulitoka nyuma ya duka. Vuta ya kwanza, kimya. Ya pili, chafya.
Ya tatu likashika, na moshi wa buluu
ukasimama hewani, baridi ikiukataza kuondoka.
Aili akafumba macho, akavuta pumzi
kama mtu aliyepita mlangoni pa mwoka mikate.
Rimoti hakuitazama; vidole vilijua.
Alilipeleka moja kwa moja kwenye tuta la theluji lililoachwa na greda,
kusudi, naapa ni kusudi,
likapanda, likasimama wima, likaanguka chali,
magurudumu manne yakisaga mbingu.

Hakuniacha nisaidie.
Alitembea hatua kumi na mbili, nilizihesabu,
akavua glavu, akapiga magoti,
akalikumbatia lile dude la moto, lenye kunuka,
akaligeuza.

Bei hakuiuliza hadi tuliporudi ndani. Nikampunguzia,
akaniongezea, tukabishana kinyumenyume
hadi saa kumi, giza limeshaingia.
Kiganjani alikuwa na alama nyeusi ya oili.
Nilimpa kitambaa.
Akakitia mfukoni, mkono hakuufuta.