Sekunde Nne

Usiku huu umeme tunaukata kwa mikono yetu wenyewe.
Nje ni hasi thelathini na moja,
Kajaani imejifunika theluji gubigubi.
Tuulikki amevaa soksi mbilimbili, ameshika saa.

"Kata," anasema. Nami nakata.

Giza halikuja. Betri ziliudaka mzigo
kama kipa adakavyo mpira wa kona,
zikaukumbatia, zikingoja jenereta.
Ya kwanza iliamka mara moja.
Ya pili ilikohoa,
ikakohoa tena,
ikanguruma sekunde ya kumi na nne.
Mkataba unasema kumi.

"Nne tu," alisema Kettunen, mjumbe wa mteja,
huku jina la bosi wake likimulika kwenye simu.
Jumatatu utepe unakatwa, keki imeshaagizwa.
"Nani atakayezihesabu sekunde nne?"

"Betri," alisema Tuulikki. "Zikizeeka, zitazihesabu."

Akavua kofia ngumu, akaiweka juu ya hati za makabidhiano,
palepale penye mstari wa sahihi,
akaomba tochi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, huambiwa watu.
Sisi ukuta tumeshaujenga,
mrefu, mweupe, wa mamilioni;
kilichobaki ni kuutafuta ufa.

Tuliupata alfajiri, chini ya bomba la dizeli:
swichi ya kipasha joto, ndogo kama ukucha,
nyaya zake zimefungwa kinyume,
na lebo yenye mwandiko ninaoujua.
Wangu. Ijumaa moja ya Oktoba, nikiwahi treni.

Nilinyamaza kidogo.
Kisha nikasema.
Akanipa bisibisi.

Jaribio la pili: sekunde tisa.
La tatu: tisa na nukta.
Kettunen akafungua kalamu. Tuulikki akaomba la nne.
"Mara tatu hata bahati hufaulu," alisema,
na mimi nikakata tena.

Utepe ulikatwa Alhamisi. Keki ilikuwa imekauka,
tuliichovya kwenye kahawa.

Sasa ni Machi. Upepo umeangusha nguzo upande wa ziwani,
mji mzima umepepesa jicho mara moja.
Hospitalini muuguzi wa zamu amebofya jina la mtoto mwenye homa,
faili limefunguka, amesoma kipimo cha dawa,
ameinuka kwenda zake.
Hatujui sisi. Na asitujue.

Kwenye daftari nimeandika, kwa mwandiko wa polepole:
Saa saba na dakika ishirini usiku, gridi imepotea.
Jenereta zote mbili, sekunde tisa.
Malalamiko: hakuna.