Komeo la Mlango wa Benchi

Naijua barafu hii kuliko uso wangu.
Usiku, watu wakishaondoka, huizungusha mashine yangu,
raundi baada ya raundi, nikifuta mikwaruzo ya siku nzima.
Nje, Saskatchewan yote imefukiwa,
digrii thelathini na nane chini ya sifuri;
ndani, harufu ya jasho, raba, kahawa iliyoungua.

Ni mimi pia ninayewanolea vijana visu vya viatu.
Huwaambia: kisu hakichagui,
kinachokata barafu kitakata na shingo,
vaeni kinga ya koo.
Inawasha, wanasema, na kucheka.
Kinga ya meno wanaitafuna kama muwa.
Ukanda wa kofia wanaulegeza hadi ngumi inapita.

Mgongoni mwa kila jezi kuna alama nyekundu ya pembe nane:
SIMAMA.
Oryna Hnatiuk aliishona ya mwanawe kwa uzi maradufu.
Lakini nani husoma akiwa mbioni?

Jumamosi ile, dakika ya kumi na saba,
Orest alikifuata kisahani pembeni, kichwa chini,
macho kwenye kitone kile cheusi
kana kwamba dunia nzima imo humo.
Colby Fehr alikuwa ameshajirusha.
Orest akageuka ghafla, akampa mgongo.
Sitasema Colby ni mwovu. Ana miaka kumi na tano
na watu wazima wengi mno waliompigia makofi
kwa kila kishindo.

Ukuta ungempokea. Mbao zetu hupinda kidogo, huyumba, husamehe.
Lakini pale palikuwa na mlango wa benchi,
na mlango ukafunguka,
na nguzo ya mlango haisamehe.

Komeo lilikuwa limelegea tangu Jumanne.
Nililiona.
Nilisema, kesho.

Kanisani walisema, ajali haina kinga.
Dukani, mkono ukanigusa bega: ajali haina kinga.
Nikaitikia kwa kichwa,
kama mwizi anayeitikia amina.

Sasa Orest hukaa chumbani, pazia limeshushwa.
Mwanga unamuuma. Mwambie ataje miezi kinyumenyume:
hufika Septemba, husita,
humtazama mama yake kama mtu aliyepotea mtaani kwake.
Labda Aprili, daktari anasema. Labda.
Colby huja jioni, hukaa ngazini kwenye theluji.
Haingii.

Skrubu nne. Dola sita na senti.

Kocha mpya anawafundisha kuufikia ukuta kwa pembe,
mikono mbele, kichwa juu.
Anawaambia pia: ukiweza kusoma namba ya mgongoni,
umeshachelewa, mwache aende.
Wanalirudia zoezi hilo mpaka wanachoka,
kinga za koo zikiwawasha,
nami nimesimama na bisibisi mfukoni.

Usiku narudi kwenye mashine.
Kila nikipita pale nashuka,
naushika mlango, nautikisa.
Umefungwa.
Nautikisa tena.