Kiwiko cha Njano

Juni, Njombe, saa kumi na mbili na nusu.
Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama unga uliomwagwa na mtu asiyetaka kuulizwa.
Nafungua kibanda kwa mkono wa kulia.
Wa kushoto uko mahali pake, ndani ya kitenge,
umefungwa kama deni.

Niliangukia mafiga nikiwa na miaka mitatu.
Mama alikuwa kageuka kuchukua kuni za miwati.
Ni hivyo tu. Moto wa huku kwetu haubagui
anayesogea kuota na anayesogea kucheza.
Vidole viwili viliungana,
kimoja kikaenda zake.
Miaka arobaini na moja nimeushonea nguo za watu
na kuuficha kila mteja anapoingia.
Na ndio unaofanya kazi!
Wa kulia hupokea pesa na kupungia.

Leo kaja Zabloni, wa darasa la tatu,
sweta la shule begani, kiwiko kimetoboka
tundu la kupita yai.
"Kamwene, mama."
"Kamwene."
"Bibi amesema uzibe, pesa ataleta akiuza viazi."
Mji mzima huu unasubiri viazi viuzwe.

Uzi wa kijani ulikwisha tangu Jumanne.
Nikamwambia, nina wa njano tu, watakucheka.
Akafikiri kidogo,
kama mtu mzima aliyetajiwa bei ya mbolea.
"Wakinicheka, nitakuwa nimeshapata joto."

Nikatafuta jibu kwenye kopo la vifungo.
Halikuwemo.

Sindano ilikuwa nyembamba, baridi imeng'ata,
mkono mmoja haukufua dafu.
Nikasahau, au labda nilichoka tu,
nikautoa wa kushoto.

Alitazama. Watoto hutazama moja kwa moja,
hawajajifunza adabu yetu ya kuangalia ukuta.
"Unauma?"
"Wakati wa baridi tu."
"Leo ni baridi."
"Basi leo unauma."
Sikuwahi kumwambia mtu hilo,
hata marehemu Mgaya, niliyelala naye miaka kumi na tisa.

Akazamisha mkono mfukoni, akatoa kiazi cha kuchemsha
kingali na mvuke, chakula chake cha saa nne,
akakiweka kwenye kiganja kile kile,
akavikunja vidole vyangu pacha juu yake
kama mtu anayekukabidhi rambirambi.
"Kishike mpaka kipoe. Halafu unirudishie."

Unirudishie! Hakujifanya malaika.
Nikacheka mpaka Auleria wa maparachichi
akachungulia kuuliza nani kaokota hela.

Kiazi kilipopoa nikakirudisha, nikaongeza chumvi.
Nikaziba tundu: njano ya ute wa yai la kienyeji,
njano isiyoomba radhi.
Akalivaa, akakunja mkono, akakunjua,
akaondoka bila kuaga, kengele imeshagongwa.

Adhuhuri nilikiona kile kiwiko
kikipita mbio kwenye mteremko wa soko,
wenzake kumi nyuma yake.
Sikujua wanamcheka au wanamkimbiza.
Kilikuwa mbele, hilo nililiona.

Kitenge kimebaki msumarini.
Sisemi aibu imekwisha.
Aibu ni magugu, unang'oa leo, mvua inakuja.
Jioni aliingia mama mmoja na suruali ya mumewe,
akauona mkono, akahamishia macho ukutani,
kwenye kalenda ya mwaka juzi.
Nikamwambia, tazama tu, mama.
Unauma wakati wa baridi.

Akanyamaza. Akavuta kigoda karibu na jiko.
"Na mimi goti," akasema.