Hodi ya Tatu

Chini ya maegesho ya Mtaa wa Wasuka Kamba,
mita mbili na nusu: kizingiti cha mwaloni.
Mlango hakuna. Nyumba hakuna.
Kizingiti tu, kimelika katikati
kama kinoo cha mchinjaji.

Bogna kapiga magoti,
mwiko wa chuma mkononi
na mwiko wa kazi kichwani:
usivute, hata kikiwa kinakuja chenyewe.
Anaondoa matope ya Warta
kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Bi Halszka wa ghorofa ya pili anachungulia:
“Dhahabu mmepata?”
Tumepata choo, bibi.
Kokwa za cheri mia nne na sita,
kitana cha mfupa, chawa wangalimo,
na kiatu cha mtoto, cha kushoto.
Akacheka.
Halafu akauliza, “Na cha kulia?”

Usiku mto huingia shimoni bila kubisha.
Asubuhi pampu inakohoa, tunaanza upya.
Mwenye hoteli katupa hadi Ijumaa;
lundo la mchanga limeshamwagwa pale ukingoni,
linangoja zamu yake.

Alhamisi, giza likiingia,
wenzake wakikunja maturubai,
Bogna aligonga mwaloni kwa mpini wa mwiko.
Mara moja.
Akatega sikio, pampu ikikohoa.
Mara ya pili.

Ya tatu hakugonga.
Ukishabisha ya tatu, kimya,
huna budi kuondoka.