Daftari la Povu

Mume wangu hanywi, anasoma.
Nalisema hili mapema, kabla hujalisikia kwa mama Nyanzala,
jirani wa chini yetu hapa Mabatini, jiwe la pili ukishuka,
anayehesabu chupa kwenye kiroba chetu cha taka
na kuniombea kila Jumatano.

Mchana Lugembe husoma mita za maji,
hupanda ngazi za mawe mpaka magoti yalie,
huandika tarakimu za watu wasiopenda kulipa.
Usiku husoma bia.
Chupa moja, bilauri mbili, daftari la kaunta.
Anaimimina kama anayempa mtoto dawa,
anaiinua kwenye taa, anainusa, anafumba macho
(mimi na ugali wangu tunapoa mezani)
kisha anaandika: povu, dakika mbili na nusu.
Harufu, ganda la mkate. Kwa mbali, ndizi.
Mafunda mawili. Iliyobaki inakwenda kwenye sinki.
Baba yangu angelililia sinki lile.

Nilimwoa nikimjua, kama mwanamke huoa.
Mwaka wa kware tulilala juu ya mayai mia mbili.
Mwaka wa saa mbovu nyumba ilikuwa na saa kumi na nne
na hakuna hata moja iliyojua wakati.
Nikadhani na bia itapita.

Lakini bia ni maji, na maji ndiyo kazi yake.
Sasa ana maji ya Igogo, ana ya kisima cha Buhongwa,
ana ya ziwa lenyewe, aliyoyachota Kirumba
kwa chupa ya juisi, akaiandika jina na tarehe
kama mgonjwa anayesubiri kipimo.
Anajua shayiri hulowekwa siku ngapi
na ni wapi walianza kuitia maua machungu.
Siku yangu ya kuzaliwa haijui.
Hapana, namsingizia. Aliikumbuka.
Aliniletea kipimajoto.

Kisha ukaja usiku wa chupa.
Alijaza kumi na nane za kwake mwenyewe, akaziziba,
akazipanga chini ya kabati la vyombo vya harusi.
Saa nane ikalipuka ya kwanza. Halafu ya pili.
Mama Nyanzala akapiga yowe la mwizi,
vijana wakapanda na marungu,
wakamkuta mume wangu amepiga magoti kwenye povu,
tochi mdomoni, anahesabu sekunde
kati ya mlipuko na mlipuko.
Nyumba nzima ikanuka.
Na harufu ile
naijua.

Kwetu Misungwi, mama alinivisha sare
kwa pipa la pombe ya mtama.
Shuleni waliniita Machicha.
Nilijifunza kuoga mara mbili, kukaa dirishani,
kucheka kabla hawajacheka.
Miaka kumi na mmoja ya ndoa nimesema mama alikuwa mkulima.
Si uongo. Mtama ulilimwa.

Kulipokucha alikuwa bado kati ya vigae,
daftari limelowa. "Nimefuata kila kitu," akasema.
"Sioni nilipokosea."
Nikachovya kidole. Kidole tu.
"Umeziba mapema. Ilikuwa bado inaongea.
Unatega sikio kwenye pipa; ikinyamaza, ndipo unaziba.
Na chachu uliitia maji yangali moto,
ndiyo maana inanuka rangi ya kucha."
Akanitazama kama mita iliyorudi nyuma.
"Nisubiri yapoe mpaka digrii ngapi?"
"Mpaka mkono ukubali."

Hakuuliza nimejulia wapi. Bado hajauliza.
Alitafuta ukurasa mkavu, akaandika:
mkono hukubali kwenye
na akaacha nafasi.

Basi leo Jumapili, zawadi yangu imening'inia kwenye sufuria,
nami nimekunja mkono wa gauni,
vidole vimezama, mvuke usoni,
na Lugembe, kalamu hewani, ananiuliza:
Sasa?
Bado.
Sasa?