Nafasi Tupu

Madodoso mia mbili na kumi na nne
nimeyafunga katani, ndani ya kiroba cha salfa.
Newala, Juni: ukungu umeingia hadi kaunta ya steshenari.
Bwana Mshamu anauliza, "Nikuwekee ipi?"
kana kwamba anapima mchele.

Kuna ya leseni, siku thelathini za kuonja,
halafu inafunga mlango,
na bei yake ni mabati ya nyumba nzima.
Kuna hiyo hiyo, iliyovunjwa kufuli,
imo kwenye flashi, elfu tano tu,
"wanachuo wote wanaitumia."
Kuna majedwali ambayo kila mtu anayo,
yale ya kuandikia michango ya harusi.
Na kuna ya bure, haina vitufe:
kioo cheupe, kijistari kinapepesa,
inangoja wewe useme.

Mimi nataka kidogo.
Wastani. Mkengeuko.
Na kama waliopulizia mapema
waliwazidi kweli waliochelewa, au ni bahati.

Nilianza na ya elfu tano.
Ilijibu kabla sijakaa sawa kitini:
kilo mia saba na themanini kwa kaya!
Nikacheka peke yangu.
Ilikuwa imezijumlisha zile tisa nne,
namba tuliyoijaza kila aliponyamaza mtu.
Kwake, kimya kilikuwa na magunia.

Nikazifuta tisa zote, nikahamia kwenye majedwali.
Yakaziruka nafasi tupu
bila hata kukohoa.

Ya bure ilinitesa siku tatu.
Ukisahau bano, inagoma.
Ukikosea herufi kubwa, inagoma.
Umeme ukakatika, nikaanza upya.
Usiku wa tatu nikaiomba wastani,
ikajibu: haupo.
Haikuwa imeharibika. Ilisema tu, kwa lugha yake kavu,
pana pengo hapa,
sijui unataka nilifanye nini.

Nikafungua kiroba.
Dodoso la themanini na saba:
Somoe Nannyanje, Mnyambe, mikorosho arobaini na miwili.
Kilo alizovuna: patupu.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wangu mwenyewe
niliousahau:
*Nilikuwa eda. Waliokota shemeji zangu.
Kilo sijaambiwa.*

Nafasi tupu ni kumi na moja. Nimezisoma zote.
Kisha nikaiamuru iziache kando,
nikapata mia mbili na themanini,
na chini yake nikaandika: kaya mia mbili na tatu,
si mia mbili na kumi na nne,
na kwa nini.

Mwenyekiti hatafika huko chini. Namjua,
husoma namba iliyokolezwa wino, akafunga faili.

Bwana Mshamu amenipigia: je, ile flashi inafanya kazi?
Nimemwambia inafanya, tena haraka sana.
Kesho nakwenda Mnyambe.
Bodaboda wanataka elfu sita,
ghali kuliko programu.